Mtu Aliye Ndani ya Dubwana

Haruo Nakajima alikuwa na miaka 25 alipovishwa Godzilla kwa mara ya kwanza, kwenye studio za Toho jijini Tokyo, mwaka 1954. Vazi lenyewe lilisukwa kwa mianzi na waya, likawambwa kitambaa, kisha likapakwa mpira na plastiki iliyoyeyushwa, kwa kuwa mpira mzuri ulikuwa bado adimu Japani, miaka tisa tu baada ya vita. Lilipokauka lilikuwa gumu, tena zito kiasi cha kilo 100. Nakajima alikuwa mcheza hatari mwenye nguvu zake. Mwaka huohuo alikuwa ametokea kwa muda mfupi kama jambazi katika Seven Samurai ya Akira Kurosawa. Ndani ya vazi hilo alijikokota mita kumi hivi, akaenda chini. Mafundi wakakaa tena, wakatengeneza la pili, jepesi kidogo. La kwanza halikutupwa: walilikata katikati, na nusu yake ya chini ikatumika kila ilipohitajika picha ya miguu peke yake ikikanyaga.

Nimeanza na mtu huyu kwa makusudi. Kila ninapozisifu filamu za madubwana za Kijapani, zile ambazo mashabiki dunia nzima huziita kaiju, pingamizi la kwanza huwa lilelile: mbona inaonekana waziwazi kwamba ni mtu kavaa mpira anabomoa nyumba za maboksi? Inaonekana, ndiyo. Sijawahi kumbishia mtu kwa hilo. Ila mimi naona pale penye mshono ndipo penye sanaa, na kwamba Wajapani waliokua wakiutazama mshono huo wamekuwa wakiulizana swali moja lisilowachosha: humo ndani yuko nani? Wamelijibu kwa mpira, kwa rangi za katuni, na siku hizi kwa kompyuta. Sura hii inayafuata majibu yao.

Mwanzoni vazi halikuwa chaguo la mtu yeyote. Eiji Tsuburaya, fundi mkuu wa mbinu za picha pale Toho, alikuwa ameiona King Kong ya 1933 na ikamtia wazimu wa maisha. Kong alikuwa mwanasesere aliyesogezwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, na Tsuburaya alitamani kufanya vilevile. Akapiga hesabu, akamwambia mtayarishaji wake kwamba kwa mafundi na vifaa vilivyopo kazi hiyo ingechukua miaka 7. Mtayarishaji, Tomoyuki Tanaka, alikuwa na miezi. Filamu aliyokuwa aitengeneze kwa ushirikiano na Indonesia ilikuwa imekwama dakika za mwisho, nafasi kwenye ratiba iko wazi, na wazo la mnyama wa kale anayeamshwa na bomu lilimjia ndani ya ndege akirudi kutoka Jakarta mikono mitupu. Basi, kwa kukosa muda, akatiwa mtu ndani.

Bomu lenyewe halikuwa la kubuni. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya matumbawe vya Bikini, katika Pasifiki. Wanasayansi wake walitarajia mlipuko wa megatani 5 au 6. Ukaja wa 15. Mashua ya Kijapani ya kuvulia jodari, Daigo Fukuryū Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, na bado majivu meupe ya matumbawe yaliyounguzwa yakawanyeshea mabaharia wake 23. Waliporudi bandarini wakiwa na malengelenge na nywele zinanyonyoka, nchi nzima iliingiwa na hofu ya samaki. Mwendesha redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba. Godzilla iliingia kwenye majumba ya sinema tarehe 3 Novemba, siku 41 baadaye, na tukio lake la kwanza ni meli inayomezwa na mwanga mkali kutoka baharini. Hakuna mtazamaji wa Tokyo aliyehitaji kufafanuliwa.

Mwongozaji Ishirō Honda naye alikuwa na yake. Alitumikia jeshi kwa miaka, akashikwa mateka China, na aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima. Ndiyo maana filamu hii, tofauti na nyingi zilizoifuata, haina haraka ya kumwonyesha mnyama akibomoa. Ina haraka ya kuonyesha kilichobaki. Mama amejikunja chini ya ukuta Ginza, amewakumbatia wanawe, anawaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Mwanamke kwenye treni analalamika kwamba alinusurika Nagasaki, na sasa hili. Hospitalini, mbele ya mtoto mdogo aliyekaa kimya, daktari anapitisha kipima mnururisho na mshale unaruka. Watangazaji wa televisheni wako juu ya mnara, mnyama anaushika, nao wanaendelea kutangaza mpaka wanaanguka nao. Nimeitazama filamu hii na watu waliokuja kucheka, na kicheko chao huisha pale hospitalini.

Halafu kuna mwisho wake, ambao nadhani haujasifiwa inavyostahili. Mwanasayansi Serizawa, mwenye kitambaa jichoni, amegundua silaha inayoharibu oksijeni ndani ya maji na kuyeyusha kila kilicho hai. Anaogopa kwamba ikishajulikana itafuata njia ya bomu la atomu. Anachoma maandishi yake, anavaa vazi zito la mpiga mbizi, anashuka chini ya ghuba ya Tokyo, anaifungua silaha, kisha anakata bomba lake la hewa ili siri ife naye. Mtazame vizuri pale chini: kofia ya chuma, mwendo wa kujivuta, pumzi ya shida. Mbele yake yuko Godzilla, mwendo uleule. Ni watu wawili waliofungiwa ndani ya mavazi yasiyowaruhusu kupumua, na wanakufa pamoja.

Sasa tuingie karakana. Mandhari ya Tokyo ilijengwa kwa kipimo cha moja kwa 25, hivyo dubwana la mita 50 likawa vazi la mita 2 hivi, na jengo la mita 40 likawa la mita 1 na sentimita 60. Hapo fizikia inaleta ukorofi. Kipande cha ukuta kikidondoka kutoka mita 40 kinachukua karibu sekunde 3 kufika chini. Kikidondoka kutoka mita 1.6 kinachukua zaidi kidogo ya nusu sekunde. Jicho halijui hesabu, lakini linajua kudanganywa: kitu kinachoanguka haraka ni kidogo. Dawa ni kuizungusha kamera kwa kasi kubwa kuliko kawaida na kuionyesha picha kwa kasi ya kawaida, ili kila kitu kipungue mwendo. Kwa kipimo kile hesabu kamili inadai kasi mara 5. Tsuburaya alikuwa akichagua kasi kulingana na picha, na uchaguzi huo ndio uliokuwa ufundi wake: maji yana kasi yake, moto una wake, na maji ndiyo yaliyomsumbua kuliko vyote kwa sababu tone la maji halikubali kupunguzwa ukubwa.

Kamera inapozunguka kwa kasi, kila fremu hupata mwanga kidogo, kwa hiyo lazima taa ziongezwe. Taa zikiongezwa, joto linapanda. Na aliye ndani ya dubwana, kwa kuwa mwendo wake utapunguzwa baadaye, analazimika kwenda haraka kuliko anavyotaka kuonekana. Kwa hiyo ule uzito unaouona kwenye pazia, ule mwendo wa kifalme wa mnyama asiyeogopa kitu, umetoka kwa kijana anayekimbizana na kamera, gizani, ndani ya mpira, chini ya taa zinazochoma, huku akiona kidogo kupitia matundu shingoni. Walikuwa wakimvua na kulimimina jasho lake kutoka ndani ya vazi. Kabla ya kuanza kazi Nakajima alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Ueno kuwatazama tembo na dubu wanavyoweka mguu chini. Ukiona Godzilla anasita kabla ya kukanyaga, kana kwamba anaupima udongo, mshukuru tembo wa Ueno.

Sauti nayo ilitoka mikononi mwa mtu. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube, mzaliwa wa Hokkaidō aliyekua akisikia nyimbo za Waainu, alikataa kuamini kwamba mlio wa mnyama yeyote wa kawaida ungetosha. Zikalegezwa nyuzi za zeze kubwa la besi, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo, na mlio ule ukarekodiwa na kupunguzwa kasi. Ifukube alikuwa na sababu binafsi za kuichukulia kazi hii kwa uzito: wakati wa vita alifanya utafiti wa mbao akitumia eksirei bila kinga ya kutosha, na mionzi ikamwangusha kitandani.

Nje ya Japani watu wengi hawakuiona filamu hiyo. Walichoona ni toleo la Marekani la 1956, lililokatwa sehemu nyingi za maombolezo na kupachikwa mwigizaji Raymond Burr, aliyepigwa picha kando kabisa, akiwa mwandishi wa habari Mmarekani anayetazama na kusimulia. Sisi tuliolelewa kwenye vibanda vya video, ambako msimulizi huketi na maikrofoni na kuimimina filamu ya Kichina au Kihindi kwa Kiswahili, hatupaswi kushangaa. Tofauti ni kwamba msimulizi wa kibandani huongeza chumvi, Burr aliondoa. Ukiitafuta filamu hii, itafute ya Kijapani. Ile nyingine iache iwe ya siku ya mvua.

Baada ya hapo dubwana likaanza kuzoeleka. Walikuja Rodan mwaka 1956, kwa rangi, kisha Mothra mwaka 1961, nondo mkubwa anayeitwa kwa wimbo na mapacha wadogo kama wanasesere, walioigizwa na waimbaji mapacha halisi waliojulikana kama The Peanuts. Mwaka 1962 Godzilla alipambana na Kong, na hakuna filamu nyingine ya Godzilla iliyowahi kuuza tiketi nyingi hivyo nchini Japani. Mwaka 1964 akaungana na Rodan na Mothra kumfukuza Ghidorah, mwenye vichwa vitatu, na tangu hapo akawa upande wetu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hili lilishatujua. Kufikia Invasion of Astro-Monster ya 1965, Godzilla anashinda pigano na kuruka kwa furaha, mguu mmoja juu, mikono imekunjwa, akiiga mchezo wa katuni iliyokuwa ikivuma kwa watoto wakati huo. Mashabiki wengi wakali wanauona mruko huo kama aibu ya familia. Mimi naupenda. Kwa sekunde chache vazi linasahaulika na unamwona Nakajima mwenyewe akicheza.

Alilivaa mpaka mwaka 1972, filamu 12, mbali na madubwana mengine aliyoyachukua katikati. Wakati wa Rodan waya uliokuwa umemwinua juu ulikatika, akaangukia kwenye maji ya bwawa la studio. Sinema za Japani zilipoanza kunyang'anywa watazamaji na televisheni, Toho ikapunguza watu, na mtu aliyekuwa Godzilla akapangiwa kazi kwenye ukumbi wa kampuni wa kuchezea boling. Aliishi hadi mwaka 2017, na miaka yake ya mwisho aliitumia akizunguka kwenye makongamano ya mashabiki, akipokewa kama mfalme.

Kuna waliomrithi. Kenpachirō Satsuma aliyekuwa ndani ya Hedorah, dubwana la uchafu wa viwandani katika filamu ya 1971, alikuja kuwa Godzilla kuanzia 1984 hadi 1995. Katikati ya hapo aliitwa kufanya kazi ya ajabu kuliko zote: Pulgasari ya 1985, filamu ya dubwana la Korea Kaskazini, iliyoongozwa na Shin Sang-ok, mwongozaji wa Korea Kusini aliyekuwa ametekwa nyara na kupelekwa Pyongyang. Humo dubwana linalokula chuma linawasaidia wakulima kumwangusha mfalme, kisha linashindwa kuacha kula. Yule aliyeamrisha filamu hiyo itengenezwe, Kim Jong Il, sijui kama aliitazama mpaka mwisho kwa moyo mtulivu.

Televisheni iliyozinyang'anya sinema watazamaji ndiyo pia iliyoliendeleza swali langu. Tsuburaya alikuwa ameshafungua kampuni yake, na tarehe 17 Julai 1966 Ultraman ikaanza. Hapa vazi linahamia upande wa pili: sasa yule mwenye kuvaa ni shujaa. Mchoraji Tohl Narita alibuni jitu la fedha na nyekundu, safi, lisilo na kitu cha ziada. Bin Furuya akaliingia, ndani ya vazi lililoshonwa kwa mpira wa wapiga mbizi. Halafu wakaja watu wa utekelezaji. Ilihitajika zipu mgongoni, nayo ikafichwa chini ya pezi. Ilihitajika kitu cha kuleta wasiwasi, pia cha kuzuia mapigano yasirefuke na kumaliza fedha, ikabandikwa taa kifuani inayowaka nyekundu nguvu zinapokaribia kwisha: dakika 3 hivi, basi. Narita hakuipenda taa hiyo hata kidogo. Kwa jicho la uchoraji alikuwa na haki, ila watoto wa Japani hawakumwelewa. Kwao hiyo taa ndiyo Ultraman.

Kati ya vipindi vyake 39, cha 23 ndicho ningekichukua kama ningeruhusiwa kimoja tu. Kimeongozwa na Akio Jissōji. Dubwana Jamila linashambulia mkutano wa kimataifa wa amani, na wale vijana wa kikosi cha ulinzi wanagundua lilikuwa mwanaanga, binadamu, aliyepotea angani na kuachwa na serikali yake ili aibu isijulikane. Sayari alikotua haikuwa na maji, na mwili wake ukabadilika kuishi bila maji. Amri inatoka: auawe, na ulimwengu usijue alikuwa nani. Ultraman anamuua kwa maji, kile alichokuwa akikitamani, naye anagaagaa matopeni akilia kama mtoto mchanga. Baadaye wanamwekea jiwe la kumbukumbu lenye maneno mazuri, na kijana mmoja wa kikosi analitazama na kusema kwa uchungu kwamba watu wa namna hiyo siku zote maneno yao ni mazuri. Kipindi cha watoto, jioni ya Jumapili, mwaka 1966. Swali la nani yuko ndani lilikuwa limeacha kuwa la karakana.

Katuni zilikuwa zimelishika kwa mkono mwingine. Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka, iliyoanza kwenye Fuji TV tarehe 1 Januari 1963, inamhusu roboti mtoto aliyeundwa na baba ambaye mwanawe amekufa katika ajali. Kila mtu anakumbuka ngumi zake na miguu inayotoa moto. Mimi namkumbuka yule baba anayemchukia roboti kwa sababu hakui. Ndani ya chuma hicho kuna pengo lenye umbo la mtoto. (Na nguvu zake ni za atomu, miaka tisa tu baada ya Godzilla. Nchi hiyohiyo, hofu na tumaini kutoka kwenye chanzo kimoja.) Tezuka aliuza vipindi kwa bei isiyotosha gharama na akafidia kwa kuchora kidogo: picha moja ilikaa fremu kadhaa, midomo ilichezeshwa peke yake, mandhari zilirudiwa. Wengi wanamlaumu mpaka leo kwa mishahara ya wachoraji. Lakini utulivu ule, ile picha iliyosimama huku upepo tu ukipita kwenye nywele, umekuwa lugha ya katuni za Kijapani.

Mwaka huohuo ikaja Tetsujin 28, roboti kubwa inayoongozwa na mvulana kwa kidhibiti cha mbali. Wazo zuri, lakini baridi: mvulana yuko pembeni salama. Mchora katuni Gō Nagai ndiye aliyevunja kikomo hicho. Anasimulia kwamba alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari akawaza ingekuwaje kama gari lingeota miguu likayaruka yaliyo mbele. Kutoka hapo ikazaliwa Mazinger Z, Desemba 1972, ambamo kijana Kōji Kabuto anaingia kwa kichombo kidogo kinachotua juu ya kichwa cha roboti na kuwa ubongo wake. Ni Nakajima yuleyule, ila sasa ana usukani.

Roboti ndugu wa Mazinger, Grendizer wa 1975, alisafiri mbali kuliko wote. Ufaransa ilimpokea kwa jina la Goldorak mwaka 1978 na watoto wakachanganyikiwa. Lebanon ikamtafsiri kwa Kiarabu mwishoni mwa muongo huo, wimbo wake ukaimbwa na Sammy Clark, na akaenea katika nchi za Kiarabu hadi Ghuba. Wapo watu wazima wa Maskati leo ambao nyumbani waliongea Kiswahili cha Unguja na sebuleni, mbele ya runinga, walijifunza Kiarabu fasaha kwa mkuu wa sayari Fleed, aliyekimbia nchi iliyoharibiwa akapata pa kujihifadhi ugenini. Kwa familia zilizovuka bahari baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hadithi hiyo haikuwa ngeni.

Gundam ya Yoshiyuki Tomino, Aprili 1979, iliifanya roboti kuwa zana ya vita tu, yenye kuharibika na kuhitaji vipuri, na rubani wake, Amuro, mvulana wa miaka 15 anayechoka na kukataa kupigana. Watazamaji walikuwa wachache na midoli haikununuliwa. Vipindi vikapunguzwa kutoka 52 hadi 43. Mwaka uliofuata Bandai ikaanza kuuza vipande vya kuunganisha na historia ikageuka. Ninaipita Gundam haraka kwa sababu inastahili sura yake yenyewe.

Anayefunga fundo ni Hideaki Anno. Mwaka 1983, akiwa mwanafunzi Osaka, yeye na wenzake walitengeneza filamu yao ya Ultraman kwa fedha za kuungaunga. Majengo na ndege walizitengeneza kwa umakini wa kutisha. Jitu lenyewe likawa Anno: koti jepesi lililochorwa mistari, miwani yake, uso wake mtupu, hana barakoa. Unatarajia kucheka na unacheka, kisha baada ya dakika kumi unasahau. Sijui jaribio lingine la wazi kuliko hilo kuhusu namna filamu hizi zinavyofanya kazi. Mwaka uliofuata mwongozaji Hayao Miyazaki alimkabidhi achore askari jitu wa filamu yake ya katuni, Nausicaä, yule anayefufuliwa kabla hajaiva na kuyeyuka nyama zikidondoka huku akitema moto.

Oktoba 1995 Anno akaleta katuni ya televisheni, Neon Genesis Evangelion. Jitu lina waya wa umeme mgongoni. Ukikatika, lina dakika 5. Taa ya Ultraman imerudi ikiwa saa inayohesabu kurudi nyuma. Ndani yuko Shinji, miaka 14, amezamishwa kwenye kimiminika anachokivuta mapafuni, anaumia jitu linapoumia. Na jitu lenyewe si mashine. Lina nyama chini ya bati, na ndani ya nyama hiyo kuna mtu mwingine, ambaye asiyeitazama bado nisimharibie. Mtu ndani ya mtu, na wote wawili hawawezi kutoka. Vipindi viwili vya mwisho viliwakasirisha wengi kwa sababu vita vinaachwa kabisa na kamera inabaki kichwani mwa mvulana. Nami sivipendi sana kama televisheni, lakini ukifuata uzi wa sura hii, vingekwenda wapi kwingine?

Mwaka 2016 Toho ikampa Anno Godzilla, akaiongoza pamoja na Shinji Higuchi. Katika Shin Godzilla dubwana limetengenezwa kwa kompyuta, ila mwendo wake ulinaswa kutoka kwa Mansai Nomura, mwigizaji wa kyōgen, sanaa ya jukwaani ya karne nyingi ambamo mtu hujifunza tangu utotoni kuteleza bila kutikisa mabega. Hivyo hata bila mpira, mtu hakukosekana. Na katika picha ya mwisho kamera inapanda taratibu kwenye mkia wa dubwana lililogandishwa, na kwenye ncha yake maumbo ya binadamu yanachomoza, mikono imenyooshwa, yakijaribu kutoka.

Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, mwaka 2023, haikuwa na mtu ndani hata kwa njia hiyo. Wasanii wake 35 walitengeneza picha 610 za mbinu maalumu, kwa gharama iliyo chini ya dola milioni 15, na Machi 2024 wakachukua tuzo ya Oscar ya mbinu za picha, ya kwanza kwa filamu ya Japani. Mtu amehamishiwa nje, ndani ya ndege: Shikishima, rubani aliyekwepa kufa vitani na haachi kujihukumu kwa kuwa hai. Ni filamu nzuri mno, na pale baharini, dubwana linapoifuata mashua ya mbao kichwa kikiwa juu ya maji, nilijikuta nimeinua miguu kutoka sakafuni. Bado nina lalamiko langu la kizee. Dubwana hili halichoki. Linakanyaga bila kusita.

Basi ukimaliza kuitazama, tafuta filamu fupi ambayo Toho iliitoa mwaka 2021 kuadhimisha miaka 50 ya Hedorah. Walitoa ghalani mavazi yaliyotumika mwaka 2004, wakaweka watu wawili ndani, wakajenga kiwanda kidogo, wakawasha moshi. Ni dakika chache tu, haina hadithi yoyote, na mavazi yamechakaa. Hedorah anapigwa kofi, anapepesuka, anashika bomba la kiwanda asianguke, na bomba linang'oka.